Amiri wangu anadai kisasi, nami siwezi kumzuia

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikiisoma safu hii kwa muda mrefu, hasa siku unapowajibu watu wanaoandika hadithi, na leo zamu yangu imefika. Nina miaka 26. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa naandika riwaya ya kubuni ya kisayansi kuhusu vita vya anga. Nimefika sura ya 10, na hapo nimekwama kwa miezi minne.

Mhusika wangu mkuu si binadamu. Ni amiri wa kundi la manowari za anga, kiumbe wa sayari nyingine, mama mwenye mikono minne na macho yasiyotoa machozi. Katika sura ya 9, mwanawe, nahodha wa chombo kidogo cha doria, anauawa na manowari ya binadamu. Amiri yuko mbali, umbali ambao mwanga huchukua dakika nne kuuvuka, na anayaona yote kwenye kioo. Sura ya 10 inafunguka akiwa ameshaifikia manowari ile. Anaikimbiza kuizunguka sayari, injini zimewashwa hadi mwisho, ngurumo za mizinga zimetanda kila upande, naye anaapa kwamba hataacha mtu hai. Ndani ya manowari hiyo mna watu 300, na wengi wao hawakuhusika na lolote.

Rafiki yangu anayenisomea rasimu ananiambia mambo mawili. Kwanza, amiri wangu ni binadamu tu aliyepakwa rangi ya kijani. Pili, lazima asamehe mwishoni, la sivyo wasomaji watamchukia. Huo msamaha nimejaribu kuuandika mara sita. Kila mara naufuta kwa sababu ni uongo. Nikimwacha afyatue, basi ninapoisoma nahisi raha, na raha yenyewe inanitisha.

Nikueleze na hili, ingawa sijui kama linahusu. Mwaka juzi mdogo wangu aligongwa na gari akivuka barabara. Dereva hakusimama, na mpaka leo hajulikani. Mchana ule nilimtumia mdogo wangu ujumbe wa simu mara tatu, nikimgombeza kwa kuchelewa. Kumbe alikuwa ameshafariki. Riwaya nilianza miezi michache baadaye. Usiku naandika mpaka alfajiri, maana hata nikijilaza usingizi hauji.

Nimekuambatishia sura zote mbili. Niambie, Shangazi: afyatue au asifyatue?

Mwandishi aliyekwama

*

Marahaba mwanangu. Na makiwa. Najua nimechelewa kukupa neno hilo, lakini siwezi kuanza kuzungumzia manowari kabla sijalisema.

Kurasa zako nimezisoma mara mbili. Swali lako nitalijibu, ila naomba lisubiri, kwa sababu naona umekwama mahali tofauti na pale unapodhani. Shida yako haiko ndani ya sura ya 10. Iko katikati ya sura ya 9 na ya 10, pale penye karatasi nyeupe.

Tupige hesabu. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo dakika nne za mwanga ni kama kilomita milioni 72. Tumpe amiri wako chombo chenye kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, ambayo ni takriban kasi ya Dunia inapolizunguka Jua. Hiyo ni kasi kubwa kweli kweli. Chombo cha utafiti cha Voyager 1, kilichokwisha toka nje kabisa ya eneo la sayari zetu, kinakwenda takriban kilomita 17 kwa sekunde. Hata kwa kilomita zake 30 kwa sekunde, amiri atahitaji karibu siku 28 kumfikia adui. Siku zote hizo wewe umezimaliza kwa kufungua ukurasa. Jioni anamwona mwanawe akiteketea, asubuhi yuko kwenye visigino vya adui. Umemnyima matanga yake.

Unaweza kuniambia kwamba vyombo vya sayari yake vina injini za ajabu zinazoruka umbali huo kwa kufumba na kufumbua. Hadithi ni yako, na unayo haki hiyo. Mimi nakusihi usiitumie. Vita vya nchi kavu mtu anaweza kulipiza kisasi damu ikiwa bado inachemka. Angani hawezi. Angani hasira lazima isafiri, na njiani ile, mwenye hasira lazima ale, alale, akague zamu, ahesabu akiba ya hewa na mafuta. Siku ya 3 anataka kuua kila kinachopumua. Siku ya 11 mtu anasema jambo la kuchekesha mezani, naye anacheka, halafu anajichukia kwa kucheka. Siku ya 19 anajaribu kuikumbuka sauti ya mwanawe, haiji, na hofu hiyo inamsukuma tena kwenye kisasi, maana kisasi angalau hakijasahau. Hapo ndipo nitakapomjua mama huyu. Kwenye kurasa zako sasa hivi namsikia akiapa tu.

Halafu kuna zile dakika nne zenyewe. Umezitaja ukazipita, nami nilipofika hapo niliiweka chini kalamu yangu.

Anachokiona amiri kwenye kioo kilishatokea dakika nne nyuma. Na kila neno analomtumia mwanawe nalo huchukua dakika nne njiani. Sasa fikiri. Neno lolote alilolituma ndani ya dakika nne za mwisho za uhai wa mwanawe halikumkuta. Na kwa dakika nne nyingine baada ya kifo, kabla mwanga wa mlipuko haujamfikia, bado alikuwa akimwona mzima na akiendelea kusema naye. Jumla yake ni dakika nane za maneno yaliyokwenda kwa mtu asiyekuwepo tena. Alisema nini humo? Alimgombeza? Alimsifu? Alimuuliza kama amekula?

Wewe umemwandikia amri moja tu: "Shikilia nafasi yako, usirudi nyuma." Mstari mmoja, kisha mlipuko. Mwanangu, amri hiyo haiwezi kukaa kwenye mstari mmoja. Mama huyu atazifungua kumbukumbu za mawasiliano usiku baada ya usiku, ahesabu sekunde: ilitumwa saa ngapi, ilifika saa ngapi. Ikiwa ilifika mapema, basi ni amri yake iliyomweka mwanawe pale alipouawa. Ikiwa ilichelewa, mwanawe alikufa bila kusikia neno la mwisho la mama yake. Ahesabu atakavyo, hakuna jibu litakalompa usingizi. Ndiyo maana anamtaka adui kwa nguvu zote. Adui ni rahisi kumwangalia kuliko ile saa.

Uliniandikia kwamba mchana ule ulituma ujumbe mara tatu, ukaongeza kwamba hujui kama linahusu. Linahusu kuliko kitu chochote kingine kwenye barua yako. Sikuambii umweke mdogo wako kwenye kitabu. Hilo utaamua wewe, tena bila haraka. Ila unajua kitu kuhusu dakika nane ambacho hakuna mtu angeweza kukufundisha, na amiri wako anakihitaji.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mwanga, nalo ni zawadi kwako. Mwanga uliotoka kwenye chombo cha mwanawe kabla hakijalipuka haujapotea. Unaendelea kusambaa. Kwa mtazamaji aliye mbali zaidi, mwenye darubini kali kiasi cha kutosha, chombo kile bado ni kizima na taa zake zinawaka. Amiri anajua hivyo, kwa kuwa ni mwanaanga. Anajua pia kwamba hakuna injini itakayoufikia mwanga huo. Mwache alijue hilo siku ya 20 hivi, akiwa peke yake, na usilieleze.

Kuhusu rangi ya kijani, rafiki yako amesema kweli. Mikono minne na macho makavu ni nguo tu. Kama unatafuta huzuni isiyo ya kibinadamu, huna haja ya kwenda sayari nyingine, anza baharini. Pweza ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu, na sehemu kubwa ya neva zake imo mikononi, kiasi kwamba mkono unaweza kupapasa na kushika bila kusubiri kichwa kiamue. Jike akishataga huacha kuwinda, hukaa juu ya mayai hadi yaanguliwe, kisha hufa. Katika korongo la bahari la Monterey, California, kwenye kina cha takriban mita 1,400, watafiti walimrudia pweza mmoja kuanzia 2007 hadi 2011 wakamkuta pale pale na mayai yale yale: miezi 53. Nyangumi wa aina ya orka anayeitwa Tahlequah alibeba maiti ya mtoto wake kwa siku 17 mwaka 2018, akiisukuma kwa kichwa juu ya maji kwa umbali wa takriban kilomita 1,600.

Sisemi umgeuze amiri kuwa pweza. Nasema uujue mwili wake kabla ya kumpa hotuba. Ana mikono minne: huenda miwili ilikuwa ya kazi na miwili ya kumbebea mtoto, na ile ya mtoto haijui kwamba mtoto amekufa. Anatoa amri za vita huku mikono miwili ikiendelea kupapasa hewani. Wasaidizi wake wanaiona, wanageuza nyuso. Ukiniandikia hivyo, sihitaji machozi.

Mbio za kuizunguka sayari zina kosa, lakini ni kosa lenye bahati. Umeandika kwamba amiri anaelekeza chombo chake kwa adui aliye mbele, anafungulia injini, na umbali unapungua. Kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka sayari, haiendi hivyo. Juni 1965, katika safari ya chombo cha Gemini 4, mwanaanga wa Marekani James McDivitt alijaribu kukisogelea kipande cha roketi kilichokuwa kimewapeleka juu. Alifanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya: alielekea kule kilipo na kuongeza kasi. Kila alipoongeza, kilimponyoka. Ukiongeza kasi kwenye obiti unapanda juu zaidi, njia yako inakuwa ndefu, na unaishia kuchelewa. Anayetaka kumfikia aliye mbele yake hupunguza mwendo kwanza, anashuka kwenye njia ya chini iliyo fupi na ya haraka, kisha anapanda tena kwa hesabu. McDivitt aliteketeza mafuta mengi, na jaribio likaachwa. Desemba mwaka huo huo Gemini 6A ilikisogelea chombo cha Gemini 7 hadi vikakaribiana kwa chini ya mita moja, kwa sababu wakati huo walikwenda kwa hesabu.

Mpe amiri wako kosa la McDivitt. Ni kamanda mzoefu, hesabu hiyo anaijua tangu ujana wake, na bado siku ile anamwona adui mbele yake na mkono unafungulia injini. Adui anazidi kuwa mdogo kwenye kioo. Wahandisi wanamtazama, hakuna anayethubutu kumwambia kitu anachokijua kuliko wote. Ili ampate adui, lazima akubali kupunguza mwendo. Nadhani unaona ukurasa huo unaweza kubeba nini.

Ngurumo za mizinga zifute. Kwenye ombwe hakuna hewa ya kubebea sauti. Atasikia feni za chombo chake, pumzi yake, na sauti za watu wake. Joto, kwa upande mwingine, liongeze: chombo kilicho angani hupoza mwili wake kwa kutoa mionzi ya joto pekee, na manowari iliyokunja mabawa ya kupozea ili yasipigwe itaanza kuwapika walio ndani. Hasira yake waipate wafanyakazi wake kwenye ngozi.

Na hao wafanyakazi ndio wanaonisumbua zaidi. Chombo cha doria kilikuwa na nahodha, sawa. Hakikuwa na mtu mwingine? Kwenye ukurasa wako wa pili umetaja "mabaharia wake" mara moja, ukawaacha. Nao walikuwa na wazazi, na baadhi ya wazazi hao lazima wamo kwenye kundi la manowari za amiri. Yupo mmoja kwenye chumba cha mawasiliano aliyepoteza binti katika mlipuko ule ule, na kwa siku 28 anamsikiliza mkuu wake akisema "mwanangu, mwanangu," kana kwamba alikufa mmoja. Mtu huyo ndiye anayekosekana kwenye riwaya yako. Anaweza kutaka kisasi kuliko amiri. Anaweza kuwa amechoka. Mimi sijui, ila najua anastahili kuwa naibu wake.

Maana kati ya hasira ya mkuu na mzinga daima kuna mtu. Tarehe 26 Septemba 1983 afisa wa Kisovieti, Stanislav Petrov, alikuwa zamu wakati mitambo ya tahadhari ilipotangaza kwamba makombora matano yamerushwa kutoka Marekani. Wajibu wake ulikuwa kuipeleka taarifa hiyo juu, na huko juu walikuwepo wenye uwezo wa kulipiza. Aliona makombora matano ni machache mno kwa shambulio la kweli, akaripoti kwamba mitambo imekosea. Ilikuwa imekosea: setilaiti zilidanganywa na mwanga wa jua uliorudishwa na mawingu. Sikutajii kisa hiki ili naibu wako naye aasi. Nakitaja kwa sababu Petrov alifanya kazi ndogo tu, ya kutilia shaka kwa dakika chache, na dakika hizo zilitosha.

Sasa swali lako. Afyatue au asifyatue?

Ningemwacha atoe amri. Umembeba kwa sura tisa, hana sababu ya kuzibwa mdomo na mwandishi wake. Ila kwenye manowari anayepokea amri huirudia kwa sauti, ili isikosewe. Basi naibu airudie, neno kwa neno, pamoja na umbali, mzinga utakaotumika na idadi ya walio ndani: 300. Amiri ayasikie maneno yake yakitoka kwa mtu ambaye binti yake alikufa dakika ile ile. Anachokisema baada ya hapo usikiamue leo. Ziandike kwanza siku 28, ukifika hapo atakuambia mwenyewe. Ukinilazimisha nikisie, nakisia kwamba hatafyatua, na pia hatasamehe. Mtu anaweza kuushusha mkono bila kusamehe chochote, na rafiki yako akisema wasomaji hawatalikubali hilo, mwambie mimi ni msomaji na ninalikubali. Ukikuta kwamba amefyatua, nipe siku ya 29, chumba kikiwa kimenyamaza na feni zikizunguka.

Raha inayokutisha isikufanye ufute kurasa. Uliihisi kwenye karatasi, na karatasi haijamdhuru mtu. Kinachonitia wasiwasi ni alfajiri zako. Miezi mingi bila usingizi si uandishi. Iandike riwaya mchana, na ukifika usiku uifunge. Kama usingizi bado hauji, nenda kituo cha afya uombe kuonana na mshauri nasaha. Ukifika useme maneno yale yale uliyoniandikia mimi, pamoja na zile mara tatu. Suala la dereva lifuatilie kwa njia zilizopo, ukiwa na mtu wa nyumbani wa kuandamana naye. Usilifuatilie peke yako usiku.

Kuna kitu kimoja nilikitafuta kwenye kurasa zote ulizonitumia. Amiri anaitwa amiri. Manowari ya adui ina jina, sayari ina jina, hata mzinga mkubwa una jina. Mtoto anaitwa "mwanawe" kuanzia mwanzo mpaka mlipuko. Nimerudi kwenye barua yako nikaona ni vivyo hivyo kwa mdogo wako. Siku utakapoweza, nitumie sura mpya, na mtoto yule awe na jina. La mdogo wako niambie ukitaka. Nitalisoma kwa sauti nikiwa peke yangu hapa mezani.

Wako,
Shangazi